Kikao cha Watu Wazima

Ujumbe wa kamati ulinifikia kwenye simu nikiwa jikoni nachambua maharagwe, wiki tatu baada ya kumzika Teresia. Uliandikwa kwa heshima zote. Tamasha la waandishi la mwaka huu, ulisema, litakuwa na hema jipya la watoto, na kamati kwa kauli moja imeamua hema hilo liitwe kwa jina la marehemu, mwalimu mpendwa na mlezi wa vipaji. Ingekuwa fahari kubwa kama mimi, rafiki yake wa tangu ujana na mwandishi wa vitabu vya watoto, ningelifungua kwa kusoma ile hadithi yangu ya flamingo. Chini palikuwa na picha ya waridi na jina la Mwalimu Zakaria, ambaye ana miaka themanini na ushee na bado ni mlezi wa kamati. Niliusoma mara mbili. Kisha nikaiweka simu juu ya friji, mbali nami, kwa sababu nilihisi nikiendelea kuishika nitaivunja. Tangu nipite hamsini nimekuwa mtu wa hasira za karibu, wanangu wananitania kwamba hata chai ikichelewa kuchemka naigombeza, lakini hii haikuwa hasira ya chai. Nchi hii ina kuta nyingi za kuandika jina la mtu. Wao waliona hema la watoto.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Teresia alinizidi miezi minne, na aliitumia miezi hiyo minne kunituma sukari. Tulikuwa tumemaliza pamoja kozi ya ukatibu mjini Nakuru, tukapanga chumba kimoja Section 58, nyuma ya nyumba ya mjane aliyepikia jiko lake la makaa chini ya dirisha letu. Kitanda kilikuwa kimoja, tukilala mzungu wa nne, na mimi ndiye niliyepigwa teke usingizini maana Teresia hata akilala alikuwa anaenda mahali. Palikuwa na meza ya mbao mbichi ya Elburgon iliyopinda kila mvua iliponyesha, na juu yake taipureta ya kamati ya tamasha, ambayo nilikabidhiwa nilipoajiriwa karani wao. Jumatatu tulichemsha githeri ya kutufikisha Jumatano. Jumapili, mambo yakiwa mazuri, tulikula chapati na ndengu, sufuria katikati yetu juu ya kitanda na kitambaa chini yake ili blanketi isichafuke. Ukuta ulikuwa mwembamba. Tulimsikia mjane akimwambia dada yake, "Hawa wasichana wangu ni wazuri, lakini hiyo mashine, mchana kutwa ni kama kuku inadonoa mabati." Tulicheka mpaka Teresia akapaliwa na githeri. Nikikumbuka chumba kile leo nakumbuka kwanza kicheko, na hilo nalo linaniudhi, kwa sababu mimi ndiye niliyekiharibu.

Tamasha lenyewe lilikuwa na miaka minne tu wakati huo. Lilifanyika kwa siku tatu kwenye ukumbi mmoja wa mjini, na sifa yake kubwa, ile iliyowaleta watu kutoka Molo na Gilgil na Naivasha, ni kwamba lilikuwa la rika zote. Bibi alikaa na mjukuu wake kwenye benchi moja. Mwalimu Zakaria, aliyekuwa ametoka tu kustaafu uhedimasta, alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote maishani mwake. Mwaka wa kwanza, niliambiwa, mwandishi mgeni alisoma kisa chenye mambo ya chumbani, akina mama wakawaziba watoto masikio, na mchungaji mmoja akatoka na familia yake yote. Ndipo Mwalimu akatunga ile sheria yake. Kila andiko lililotaka kupanda jukwaani lilipaswa kusomewa watoto kwanza, Jumamosi alasiri, kwenye jiko la ukumbi, watoto wakinywa uji. Wakisikiliza na kumaliza uji wao, andiko limepita. Mtoto akilia, au akiomba kutoka, au akionekana kufadhaika, andiko linatiwa kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa Kikao cha Watu Wazima. Kikao hicho kilikuwa kwenye programu, siku ya mwisho, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, baada ya watoto kupelekwa nyumbani. Mimi ndiye niliyeutaipu mstari huo kwenye stensili.

Msomaji wa Jumamosi nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye kreti ya soda, watoto kama kumi na wawili wamejikunyata mbele yangu na vikombe vyao vya plastiki, na baada ya kila andiko niliandika kwenye daftari: wametulia, wamecheka, mmoja amelala. Niliipenda sana kazi ile, sitasema uongo. Niliona nimefika mahali ambapo vitabu vinatengenezwa. Yule bwana aliyetunza ukumbi, baba yake mtoto mmoja wa pale aliyeitwa Shiro, ndiye aliyenitoa ushamba. Siku moja nilikuwa nahesabu mandazi ya kikao cha kamati, naye anafagia, nikamuuliza hicho Kikao cha Watu Wazima huwa na watu wangapi, nijue idadi ya viti. Akasimamisha ufagio. "Dada, hiyo kitu mimi sijawahi ona. Mgeni wa heshima anaongea, kwaya inaimba, zawadi zinapeanwa, saa kumi na moja mimi nafunga hall naenda home. Every year." Nilicheka naye. Nilifikiri ni moja tu ya yale mambo ya ofisi, kama ile saa ya ukutani iliyokuwa imesimama na hakuna aliyejisumbua kuishusha.

Sasa niseme ya Teresia. Mama yake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, wakati wa mvua. Walikaa Kamere, pale ziwani Naivasha, na mama alikuwa akikata waridi kwenye shamba moja la maua ambalo sitalitaja na ambalo siku hizi lina wenyewe wengine. Asubuhi moja waliingizwa kwenye grinhausi dawa ikiwa bado imelowesha majani, kwa sababu kulikuwa na oda ya kuwahi ndege. Mama Tere akaanguka katikati ya mistari ya maua. Supavaisa aliwaita wafanyakazi wawili, Mama Kerubo na Mama Achieng, akawaamuru wambebe, mmoja mikono, mmoja miguu. Walipita naye banda la kupangia maua, wakapita geti, wakamlaza kwenye nyasi kando ya barabara. Kisha supavaisa akaandika kwamba mwanamke huyo alianguka njiani akija kazini. Mama Tere alikata roho pale kwenye nyasi, wanawake wale wawili wamerudishwa ndani kumalizia mistari yao. Walimsimulia Teresia wakati wa matanga, kwa kunong'ona, maana walikuwa na watoto wa kulisha. Baadaye waliacha kazi ile wakaanza kuuza samaki, na hapo ndipo walipomwambia, "Sisi hatujui kuongea mbele ya watu. Wewe umesoma. Sema wewe."

Aliandika kurasa nne kwa mkono. Nilizisoma nimekaa kitandani, yeye amesimama mlangoni amenipa mgongo akijifanya anamtazama mjane anavyopuliza jiko. Hakukuwa na neno hata moja la mapambo. Alitaja rangi ya waridi za siku ile, alitaja kwamba mama yake alikuwa amevaa sweta ya shule ya mtoto wake ndani ya ovaroli kwa sababu ya baridi, alitaja nani alishika mikono na nani alishika miguu. Mimi, ambaye nilikuwa nimetunga hadithi ya flamingo anayeogopa maji na nilikuwa najiona mwandishi, nilijua papo hapo kwamba aliyeandika chumbani mle ni mmoja tu. Nilimuuliza, "Tere, si ungetoa tu hiyo part ya geti? Hawa watu wa kamati wataogopa." Akageuka. "Hiyo part ndiyo story. Mimi sitaki korti, Nafula. Sitaki gazeti. Nataka isemwe mara moja tu kwa maikrofoni kwamba mamangu alianguka ndani. Na wale wamama wawili wakae hapo wasikie, wajue hawakubeba siri bure." Nilizitaipu jioni hiyo hiyo kabla taa hazijawashwa, naye akinisomea.

Jumamosi iliyofuata niliwasomea watoto. Nilisoma vizuri, hata leo nasema nilisoma vizuri, kwa sababu maneno yenyewe hayakukuruhusu kusoma vibaya. Mvua ilikuwa inapiga bati na ilibidi nipaze sauti. Watoto waliacha kupuliza uji wao. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeomba kwenda kwa mamake. Nilipomaliza, Shiro, ambaye alikuwa na miaka sita na pengo la meno mawili, aliuliza, "Kwa nini walimtoa nje na alikuwa mgonjwa?" Kabla sijafungua mdomo, kijana wa kando yake, mkubwa kidogo, akamjibu, "Ndiyo ionekane aliangukia nje." Shiro akafikiri. "Basi huyo mtu ni mwongo," akasema, akarudia kikombe chake akakimaliza. Walikimaliza wote. Walikuwa wameielewa habari yote, kuanzia grinhausi mpaka barabarani, katika muda ambao kikombe cha uji kinapoa, na hawakudhurika popote. Nilichukua daftari nikaandika: wametulia, wamemaliza uji.

Mwalimu Zakaria alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko muda wote huo na mwavuli wake unachuruzika. Aliniita kwenye kile chumba kidogo alichokiita ofisi, akanimiminia chai ya maziwa kwenye thamosi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwenye kona ya meza palikuwa na barua ya kampuni moja ya maua iliyokubali kupamba jukwaa mwaka huo. Haikuwa hata kampuni aliyofanyia kazi Mama Tere. "Mtoto ameuliza swali," akaniambia. Nikasema ndiyo Mwalimu, lakini hakulia. "Binti yangu, nimefundisha miaka thelathini. Mtoto akiuliza swali namna ile, kuna kitu kimemsumbua. Amefadhaika." Nikamwambia Shiro alipata jibu lake akarudi kwenye uji. Akatabasamu kwa upole, na mtu asikudanganye kwamba upole hauumizi. "Hatuikatai kazi ya mwenzako. Ni nzuri sana. Tunaiweka mahali pake, kwa watu wazima. Hebu andika tu kwamba mtoto amefadhaika, ili utaratibu ufuatwe." Kisha, kana kwamba ni habari nyingine kabisa, akaongeza kuwa hadithi yangu ya flamingo ameipanga siku ya mwisho, mbele ya mgeni wa heshima, na kwamba kuna mchapishaji kutoka Nairobi atakayekuwepo. Chai ilikuwa tamu. Nilikata mstari wangu wa kwanza na kuandika: mtoto amefadhaika.

Nimejaribu miaka mingi kumchukia Mwalimu Zakaria peke yake, na mara nyingi nimefaulu. Namchukia kwa kuamini kwamba mtoto akiuliza ameumia, mtu aliyekula mkate wa kufundisha watoto. Namchukia kwa sababu aliwafanya watoto wale kuwa askari wa zamu kwenye mlango ambao wao wenyewe waliuacha wazi. Namchukia zaidi kwa sababu hakuwa mtu mbaya, aliwanunulia sare watoto ambao si wake na alilia kwenye mazishi ya watu. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Hakunishika kidole. Na jioni ile nilipofika nyumbani nilimwambia Teresia kwamba imepita, imepangwa kwenye Kikao cha Watu Wazima, saa kumi, siku ya mwisho, wakati mzuri ambapo kelele zimeisha. Nilijua nilichokuwa namwambia. Alinikumbatia nikiwa nimeshika sufuria ya githeri, na ilibidi niiinue juu isimwagike.

Siku ya mwisho wanawake wale wawili waliamka Kamere kabla ya alfajiri. Teresia aliwapokea kwenye steji ya magari akawaleta ukumbini saa nne asubuhi, Mama Kerubo na Mama Achieng, wamevaa nguo za kanisani, vitambaa vimepigwa pasi, kila mmoja na chupa ya chai kwenye kikapu kwa sababu hawakujua kama kwenye mambo ya vitabu watu hulishwa. Walisimama mlangoni wakatazama jukwaa. Jukwaa zima lilikuwa limejaa waridi. Ndoo kwa ndoo, nyekundu na za rangi ya krimu, na nyingine zimefungwa kwenye nguzo za spika. Mama Achieng alisema polepole, bila uchungu wowote, kama mtu anayetambua kazi ya mikono yake, "Hizi zimekatwa jana asubuhi." Wakaketi safu ya tatu. Nilikuwa karibu yao na programu zangu mkononi, nikajifanya kuna mtu ananiita.

Siku ilikwenda kama siku za tamasha zinavyokwenda. Wanafunzi walikariri mashairi wakasahau katikati wakapigiwa makofi hata hivyo. Mzee mmoja kutoka Njoro alisimulia jinsi alivyojifunza kusoma kwa vipande vya gazeti vilivyobandikwa ukutani kwa mzungu, na watu walicheka na kufuta macho. Nilisoma hadithi yangu ya flamingo. Niliigiza sauti ya flamingo, nikainua mguu mmoja, watoto wakapiga kelele za furaha, mgeni wa heshima akacheka mpaka mlinzi wake akacheka, na wanawake wale wawili wa safu ya tatu wakanipigia makofi kwa nguvu, kwa sababu mimi ni rafiki yake Tere. Baada ya hapo mgeni wa heshima aliongea. Aliongea juu ya barabara, akaongea juu ya vijana, akaongea juu ya umuhimu wa kusoma huku akisoma karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine. Saa kumi ilipita akiwa bado kwenye habari za barabara. Kwaya ikaja, zawadi zikaja, watu wakawa wanaingia na kutoka, na choo kilikuwa kimoja nyuma ya ukumbi, chenye foleni ndefu ya akina mama na watoto. Saa kumi na moja kasorobo niliona mtunza ukumbi anaanza kukunja viti vya nyuma. Bahasha ya kaki, yenye kurasa zile za mkono na nilizotaipu, ilikuwa kwenye kabati la ofisi, limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwalimu Zakaria, ambaye alikuwa anamsindikiza mgeni wake garini.

Gari la mwisho la kuelekea Naivasha lilikuwa linakaribia kuondoka. Mama Achieng alinijia na ile programu yangu mkononi, ameikunja mara nne. Mama Kerubo alikuwa nyuma yake, na Teresia alikuwa amefika tu kutoka kutafuta mtu yeyote wa kamati ambaye angemjibu. "Dada," Mama Achieng akasema, "wewe ndiye unajua hizi maneno ya programu. Ile ya Mama Tere ni saa ngapi? Tusiachwe na gari." Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kusema haisomwi. Ningeweza kupanda jukwaani nikaishika ile maikrofoni, ilikuwa bado imewashwa, nikasema sentensi moja tu, mama wa Teresia alianguka ndani ya grinhausi, nao wangesikia, na ingetosha. Nilisema, "Imeshapita, mama."

Sijui kwa nini neno hilo ndilo lililotoka. Nafikiri nilitaka tu waende. Wanawake wale walitazamana, kisha wakamgeukia Teresia, na nikaona kitu ambacho sijawahi kukisahau hata siku moja. Walimwomba msamaha. "Tere, tusamehe mwanangu," Mama Kerubo alisema. "Tulikuwa kwa choo. Hatukujua itakuja haraka hivyo." Mama Achieng alimshika mikono yote miwili akawa anarudia pole, pole sana, tumekuangusha. Teresia alinitazama juu ya mabega yao. Nilingoja anitaje. Alisema, "Si kitu, mama. Haraka gari lisiwaache," akawabebea vikapu mpaka stejini. Chupa za chai zilikuwa bado zimejaa, nilizisikia zikigongana.

Jumapili iliyofuata Teresia alipika chapati na ndengu kama kawaida, akaweka sufuria kitandani, akatia kitambaa chini yake. Tulipofika katikati ya chakula akasema, "Nafula, nilienda kuomba karatasi zangu. Mwalimu hakuwa. Daftari lilikuwa wazi mezani. Ni mwandiko wako." Nikaanza kueleza, Mwalimu alinilazimisha, na chai, na sikujua. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. "Umekata mstari wa kwanza," akasema. "Nilisoma chini ya mkato. Watoto walimaliza uji." Nikasema ndiyo. "Basi sawa. Kula, itapoa." Nikala. Hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kunipa kwa mdomo. Mwezi uliofuata alirudi Kamere kufundisha, akawa mwalimu kweli, mzuri, na urafiki wetu uliendelea kwa namna yake. Alikuja kwenye harusi yangu. Nilikuwa mama wa ubatizo wa watoto wake wawili. Lakini hakunionyesha tena ukurasa wowote alioandika, na nilipomuuliza kama anaandika, aliniuliza kama ninataka chai.

Kila mwaka alileta wanafunzi wake kwenye tamasha, na kila mwaka, mbele ya watu waliojipanga kujiandikisha, aliuliza kwa sauti ya darasani, "Kikao cha Watu Wazima mwaka huu ni saa ngapi?" Wasichana wa kamati, ambao wengi hawakuwa wamezaliwa siku ile, walimwonyesha kwenye programu. Saa kumi, mwalimu. Naye alikaa. Wanafunzi wakishapelekwa kwenye basi, yeye alirudi akakaa safu ya tatu mpaka viti vikunjwe. Kamati ikadhani ni mapenzi ya fasihi. Wakampa cheti. Sasa wamempa hema, na wananitaka mimi nikasimame humo na mguu mmoja juu. Nilimpigia Mwalimu Zakaria nikamuuliza ile bahasha iko wapi. Alishangaa swali. "Bahasha gani, binti yangu? Lile kabati tulihama nalo mara mbili, na mchwa walilimaliza zamani." Alisema hayo kwa ule upole wake. Nilikata simu bila kumuaga, mara ya kwanza maishani kumfanyia mzee hivyo, na sijutii.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilienda Kamere. Mama Achieng alikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo wa kumuuliza alibaki mmoja. Nilimkuta Mama Kerubo ameketi nje ya nyumba yake, mzee sasa, anapara samaki juu ya ubao na kisu kilicholika mpaka kimekuwa chembamba. Alinikumbuka. Alinipa stuli. Nilikuwa nimejipanga tangu Nakuru jinsi nitakavyoanza, na yote yakanitoka, nikasema tu. Nikamwambia ile habari ya Mama Tere haikusomwa siku ile. Nikamwambia haikuwa imepita, haikuwahi kupita, mimi niliwadanganya, na kwamba sasa nataka kuisoma mbele ya watu lakini karatasi hazipo, nimekuja anisimulie upya niandike.

Hakuinua macho. Alimaliza samaki yule, akamgeuza, akamaliza upande wa pili. "Mimi ndiye nilimwambia Achieng twende choo," akasema. "Yeye alikuwa anaweza kuvumilia. Mimi sikuweza, nikamwambia nisindikize, siijui hii mji. Line ilikuwa refu. Mpaka anakufa aliniambia, Kerubo, ni wewe. Pale hospitali, siku ya mwisho, ameshindwa hata kumeza maji, ananiambia, Kerubo, kama si wewe tungesikia." Akafuta kisu kwenye aproni yake. "Na Tere alikuwa anajua?"

Nikasema alijua.

"Na akanyamaza kwa ajili yako."

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba Teresia alinyamaza kwa ajili yao, ili wapande gari na amani. Nilikuwa nimeketi mbele ya amani hiyo.

"Hapana, hutaandika," Mama Kerubo akasema. "Wewe ulipewa mara moja. Mimi nilishika miguu, nina mdomo, nitasema mwenyewe. Hiyo hema ya Tere iko siku gani?"

Nikamwambia Jumamosi. Nikamwambia pia kutakuwa na watoto wengi.

"Wakuwe," akasema. "Na ni saa ngapi? Hapo sasa usinidanganye."